Muulize Fundi: Betri mpya kila mara na selfu bado haipigi

Maswali mengi yaliyoingia safari hii ni ya betri, za pikipiki, jenereta, mpaka pawatila. Sishangai, Juni na Julai huku kwetu Nyanda za Juu baridi ikishika, betri iliyokuwa inajikongoja tangu masika ndo inakata kabisa. Nimechagua machache nijibu kwa kirefu maana watu wanatupa hela kununua betri ambazo hazikuwa na kosa lolote na mimi inaniuma, hela ya bodaboda ni hela ya jasho.

"Fundi shikamoo. Mi bodaboda, kijiwe changu Uyole. Pikipiki yangu cc 150 nimeiwekea betri mpya kabisa, wiki mbili tu selfu ikaanza kusuasua, sa hizi asubuhi inalia tik tik tik basi, mpaka nipige kiki. Usiku nikikanyaga breki taa ya mbele inafifia, nikiwasha indiketa honi ndo haisikiki. Muuza duka anasema mafundi wameniharibia, fundi anasema betri feki ninunue nyingine. Nifuate ya nani?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa sasa usifuate ya yeyote, maana katika hao wote hakuna aliyepima. Betri haitengenezi umeme, inautunza tu. Umeme unatengenezwa kwenye magneti, mara nyingi upande wa kushoto wa injini, flaiwili ina sumaku ndani inazunguka kwenye koili, unatoka AC (umeme unaogeuka geuka mwelekeo) kwa zile waya ambazo kwa pikipiki nyingi ni za njano, unaingia kwenye rektifaya (kile kidude chenye mapezi ya alumini), rektifaya inaugeuza kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja, ndo betri inaoutaka) na kuuzuia usizidi kipimo, unapita kwenye waya na fyuzi ndo unafika kwenye betri. Pakikatika popote hapo katikati betri inakufa hata ungenunua ya bei gani, na itakufa kwa muda uleule wa wiki mbili kama hiyo yako.

Tafuta mita, hizi ndogo za digitali zinazouzwa kwenye maduka ya umeme, bei yake ni ndogo kuliko betri moja. Kijiwe kizima mkichanga mkanunua moja itawalipa.

Kwanza peleka betri ikachajiwe ijae, maana ukianza kupima mfumo na betri iliyokufa namba zote zitakudanganya. Ikishajaa iache masaa kadhaa imetulia alafu pima kwenye temino (vile vichwa viwili vya betri, chanya na hasi), mita iwe kwenye volti za DC, alama ya 20. Betri nzima inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.2 hapo ni kama nusu, ikishuka chini ya 12 na imetoka kuchajiwa jana basi kweli hiyo betri ina shida yake yenyewe. Alafu ukiwa umeshika mita hapohapo mwambie mwenzako abonyeze selfu, namba itashuka, hiyo ni kawaida, ila isiende chini ya 9.6 hivi. Ikidondoka mpaka 7 au 6, seli moja imekufa ndani au betri imechoka haina nguvu tena, hata kama ikitulia inasoma 12 vizuri tu. Betri ikipita hapo iache kwa amani, tatizo liko kwingine.

Sasa washa pikipiki, mita bado iko kwenye betri. Kwenye sailensa (injini ikinguruma bila resi) namba inaweza kuwa ndogo, usihukumu hapo. Piga resi ya kati, kama vile unapanda Mlima Nyoka na abiria, angalia. Inatakiwa ipande mpaka 13.5, 14, 14.5 hivi na ibaki hapo. Ikibaki 12.5 na kila ukiwasha taa inazidi kushuka, haichaji. Na ikipita 15 ikaendelea kupanda, hiyo inachaji kupita kiasi, rektifaya haizuii tena, betri inachemka, maji yanakauka, balbu zinaungua ungua. Wengi wanakuja wanalalamika balbu haikai, wanabadilisha balbu kila mara na hakuna aliyewahi kuwapimia hapo.

Kwa maelezo yako ya taa kufifia ukikanyaga breki nahisi utakuta haichaji kabisa, kwaiyo twende mbele. Zima, chomoa soketi inayotoka magneti kwenda rektifaya. Na hapa nakuomba usichomoe tu, iangalie. Ishike mkononi uigeuze kwenye mwanga. Soketi nzima ni nyeupe na vile vibati vya ndani vinang'aa. Iliyoungua utaona plastiki imekuwa ya kahawia pembeni ya tundu moja, imelainika mpaka imeumuka, waya wa njano mmoja ganda lake limekakamaa ukilikunja linapasuka, na shaba ndani imekuwa nyeusi au ina ukungu wa kijani. Hicho kijani kinakuja na maji, na nyie mnaoosha pikipiki kwa pampu ya presha kila jioni mkielekeza maji chini ya siti mnakipanda wenyewe. Mara nyingi tu safari inaishia hapahapa, unakata hiyo soketi unaunganisha upya kwa risasi na kufunga vizuri, inachaji. Hujanunua spea hata moja.

Kama soketi ni nzima weka mita kwenye AC, washa injini, pima kwenye zile waya zinazotoka magneti. Zikiwa tatu pima mbili mbili, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba yenyewe inategemea pikipiki ila mambo mawili lazima uyaone, zote tatu zilingane au zikaribiane sana, na ukipiga resi zipande, kutoka kumi na kitu au ishirini huko mpaka 40, 50 na kuzidi. Usishike waya kwa vidole wakati huo, volti 50 za AC zinapiga. Moja au mbili zikibaki chini wakati nyingine inapanda, koili imeungua. Hakikisha kwa kuzima na kupima omu, waya kwa waya inatakiwa isome ndogo sana, omu moja au chini ya hapo kwa nyingi, na waya wa njano kwa bodi ya injini isisome kitu kabisa, kwa hizi za waya tatu. Ikisoma, koili inagusa chuma.

Magneti ikitoa vizuri na betri haipati, hapo ni rektifaya au njia. Usikimbilie rektifaya. Rudisha soketi, washa, mita DC, waya mmoja wa mita kwenye nyekundu inayotoka rektifaya na mwingine kwenye chanya ya betri, piga resi. Isome karibu na sifuri, 0.2, 0.3 mwisho. Ikisoma volti nzima au zaidi kuna umeme unapotea njiani, kwenye fyuzi, kwenye swichi, kwenye kiungio kilichofungwa na nailoni. Fanya hivohivo upande wa hasi, bodi mpaka hasi ya betri, ethi iliyoota kutu inasumbua watu kuliko mnavyodhani. Njia ikiwa safi na bado haichaji, weka rektifaya nyingine inayojulikana ni nzima ya aina ileile, pima tena. Na ifunge kwenye chuma panapopita upepo, ile inatoa joto, ukiining'iniza kwa raba chini ya siti unaichoma.

Kitu kimoja nakuomba sana na uwaambie wenzio wa kijiwe. Kuna mtindo wa kuwasha pikipiki alafu fundi anachomoa temino ya betri, isipozima anasema inachaji. Usikubali. Pale betri inapotoka, umeme wa magneti unakosa pa kutulia, volti inaruka juu ghafla, unaweza kuondoka na balbu, na CDI (kile kidude cha kutoa cheche ya plagi), na rektifaya yenyewe. Na jibu unalopata halina maana yoyote, maana inaweza isizime na bado ikawa inachaji 12.4.

Na mwisho kabisa niambie umeongeza nini. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, gawa kwa 12 ni ampea 3 na kidogo. Betri ya ampea 5 ukikaa kijiweni umezima injini taa zinawaka na mziki unapiga, saa moja na nusu imeisha. Na kama pikipiki ni ya mkataba bosi kafunga GPS, pima na hiyo: zima swichi, toa hasi ya betri, weka mita katikati ikiwa kwenye ampea (waya wa mita uhamishie tundu la 10A, na usibonyeze selfu hapo maana utaunguza mita). Pikipiki iliyozimwa inatakiwa itumie umeme karibu na sifuri. Ikila miliampea 50 usiku na mchana ni ampea 1.2 kwa siku, betri ya ampea 7 haimalizi wiki kama hutembei. Bosi ana haki ya kujua hilo, mwonyeshe namba kwenye mita mtaelewana.

"Fundi habari za kazi. Mimi ni mama mfugaji, niko Makete. Nina jenereta ya kuwasha kwa ufunguo, nilinunua kwa ajili ya mashine ya kutotolesha vifaranga umeme ukikatika. Kila nikiihitaji ufunguo hauwashi, mpaka kijana wangu avute kamba. Akiwa shule mimi siwezi. Kwani jenereta si inajichaji yenyewe? Nimeiweka stoo pembeni ya jiko isilowe."

Salama mama, pole sana, najua mayai hayasubiri. Kabla ya betri naomba hiyo jenereta itoke stoo. Ikiwa inafanya kazi iwe nje, mbali na mlango na madirisha, ijengee kibanda cha bati cha paa tu kisicho na kuta. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu wamelala. Hilo lifanye leo hata kama mengine utafanya wiki ijayo.

Sasa betri. Ni kweli inajichaji ila inapokuwa inanguruma tu, na koili ya kuchaji kwenye hizi jenereta ndogo ni ndogo. Ukiiwasha dakika 20 mara moja kwa mwezi, ile nguvu selfu iliyotumia kuiwasha inarudi kidogo, alafu wiki zinazofuata betri inajimaliza yenyewe polepole ikiwa imekaa. Betri ya risasi ikikaa muda mrefu haijajaa, sahani za ndani zinaota utando mgumu mweupe na hapo hata ukichaji haishiki tena. Ongeza na baridi ya Makete. Betri kwenye nyuzi 0 inabaki na kama asilimia 80 ya nguvu iliyonayo kwenye joto la kawaida, na saa hiyohiyo oili imekuwa nzito injini ngumu kuzungushwa. Muulize kijana aliweka oili gani, kama ni ile nzito ya namba 40 tupu, ikifika wakati wa kubadilisha weka 10W-30, injini nyingi ndogo za petroli ndo zinaitaka na asubuhi ya baridi utaona tofauti.

Kupima ni kulekule nilikomwambia kijana wa Uyole, betri ijazwe kwanza, alafu jenereta ikiwa inanguruma ipimwe kwenye temino kama inapanda juu ya 13. Isipopanda aangalie fyuzi ndogo iliyoko karibu na swichi ya ufunguo au kwenye waya wa betri, mara nyingi imekatika au imeshika kutu, alafu ndo rektifaya ndogo na koili. Na asichanganye na yale matundu mawili ya 12V DC yaliyo kwenye paneli ya mbele, yameandikwa mara nyingi 8.3A, yale ni ya kuchaji betri ya nje na kwa jenereta nyingi hayana cha kuzuia umeme usizidi, betri ikiachwa pale masaa mengi inachemka.

Ikikutwa kila kitu kizima, ambalo nalitegemea, dawa yako ni sola. Paneli ndogo ya wati 10 au 20 juu ya kibanda na chaji kontrola yake (kidude cha kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi), iunge kwenye betri ikae hapo siku zote. Huko kwenu baridi ni kali ila jua la kiangazi lipo, paneli haijali baridi. Umeme ukikatika saa nane za usiku utakuta betri imejaa, unageuza ufunguo mwenyewe.

"Mkuu, niko Ubaruku Mbarali, nina pawatila ya dizeli ya kuwasha kwa hendeli. Taa inawaka vizuri injini ikipiga ila ikizima na taa inazima. Nataka niunge betri kwenye waya wa taa niwe na mwanga usiku shambani na kuchaji simu. Inawezekana?"

Inawezekana ila usiunge hivohivo mkuu. Waya wa taa kwenye pawatila nyingi za namna hiyo unatoka moja kwa moja kwenye koili ya flaiwili, ni AC, taa haijali AC wala DC ila betri inajali, ukiiunga hapo haitachaji, itapata moto na koili inaweza kuungua. Pima huo waya na mita ikiwa AC, ukisoma umeme upande wa AC nunua rektifaya ya pikipiki ya waya mbili, AC inaingia, DC inatoka kwenda betri na fyuzi ya ampea 10 karibu na chanya. Angalia pia koili yako kama ncha moja imefungwa kwenye bodi, kama imefungwa itatakiwa aina ya rektifaya inayokubali hivo, mpe fundi rewaya aone. Na usitegemee makubwa, koili ya taa moja haiwezi taa tatu na redio.

"Eti fundi, betri ya maji ikipungua naongeza asidi au maji? Hapa Ilula kuna anayetuuzia asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa."

Maji. Maji ya betri yaliyosafishwa, yale yasiyo na chumvi. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki, ukiongeza asidi unaifanya iwe kali na inakula sahani. Asidi inawekwa mara moja tu betri ikiwa mpya kavu. Maji ya bomba na ya kisima yana madini, acha. Jaza mpaka kati ya mistari miwili iliyoandikwa ubavuni, usipitilize, maana ikichaji yanapanda na kumwagikia fremu. Na hiyo chupa ya maji ya kunywa inanitisha, mtoto anaweza kuinywa, mwambie muuzaji hivo hivo bila kuona haya.

Kuna jingine hujauliza ila linaua betri nyingi za pikipiki huko na huku. Unapeleka betri ya ampea 5 kuchajiwa, jamaa anaiunga pamoja na betri za fuso kwenye chaja kubwa, baada ya saa moja anakwambia imejaa. Imechemka, haijajaa. Betri ndogo inachajiwa kwa moja ya kumi ya ukubwa wake, ampea 5 inapewa nusu ampea, na kama imekwisha kabisa inachukua masaa kumi na zaidi. Muache ikeshe. Na wakati wa kuchaji vifuniko vya betri ya maji vilegezwe, pasivutwe sigara wala kuwashwa kiberiti, gesi inayotoka ni haidrojeni inalipuka.

"Shikamoo bosi, najifunza ufundi pikipiki Mafinga. Koili ya magneti ikiungua wengine wanasuka upya, wengine wanasema ununue mpya. Na mbona nyingine ukiweka mpya inaungua tena baada ya siku chache?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza la pili, wengi hawafiki hapo.

Kusuka ni sawa kabisa kama msukaji anahesabu mizunguko ya zamani wakati anaifumua, anaweka waya wa shaba wa unene uleule na kupaka vanishi inayostahimili oili ya moto, maana koili nyingi zinaishi ndani ya oili. Akipunguza mizunguko volti inashuka, akiweka waya mwembamba inaungua. Kama hakuhesabu, nunua mpya.

Inaungua tena kwa sababu kilichoiunguza bado kipo. Rektifaya iliyoshoti ndani inavuta umeme wa koili muda wote bila kupumzika, koili inapikika. Kwaiyo koili ikiungua, rektifaya ipimwe kabla injini haijawashwa na koili mpya: mita kwenye alama ya dayodi, kila waya wa njano kwa nyekundu isome upande mmoja tu, ukigeuza isisome. Ikisoma pande zote, tupa. Zile za waya mbili mita haisemi ukweli wote, hizo jaribu kwa kuweka nyingine. Angalia na soketi, ile iliyoungua upande mmoja inaziachia waya mbili mzigo wa tatu.

Alafu flaiwili. Usiipige nyundo, hata mbao katikati usiweke. Nunua pula ya saizi yake, ifunge mpaka mwisho wa nyuzi, kaza boliti ya kati itoke taratibu. Sumaku zile zimegundishwa, nyundo inazipasua au kuzibandua, nyingine zinapoteza nguvu, na ukishafunga pikipiki itawaka vizuri tu ila volti hazipandi na utatafuta tatizo wiki nzima kwenye waya. Ikishatoka ifute, pitisha kidole ndani kuzunguka usikie kama kuna sumaku imelegea au ina ufa, ondoa vipande vya chuma vilivyonasa, hakikisha kile kipini cha shafti kimekaa sawa kwenye mfereji wake, ndo urudishe.

Ukikwama niandikie tena, ila uniandikie na namba ulizosoma: betri imetulia, betri ukipiga selfu, betri kwenye resi, na AC ya waya zote tatu.